Mkono Mtupu Haulambwi: Jina, Fungu na Ikama katika Historia ya Mamlaka za Miji, kwa Kuangalia Kidodi na Kilosa

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu maneno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Hata hivyo, maneno nitakayoyajadili leo si ya washairi. Ni maneno ya mafaili: mamlaka, fungu, ruzuku, ikama, kaimu. Ni maneno yanayoandikwa kila siku katika ofisi za miji yetu, na kwa sababu hiyo wanaisimu tumeyapita kama mtu anavyopita mlango wa jirani bila kubisha hodi.

Sababu ya kuyachagua ni safari. Miaka mingi iliyopita nilifika Kidodi, katika Wilaya ya Kilosa, kukusanya msamiati wa Kividunda, lugha ya watu wa milima inayoinuka nyuma ya makazi hayo. Jioni moja mzee aliyekuwa akinifundisha majina ya miti alibadili mazungumzo. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe unayejua maneno, tuambie: hapa petu ni kijiji au ni mji? Maana nyumba zimesongamana kama za mjini, lakini maji ya mvua yanapita sebuleni kama ya kijijini." Sikuwa na jibu. Nilimweleza habari za ngeli, naye akanisikiliza kwa adabu kama wazee wanavyomsikiliza mtoto aliyetoka shule. Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Hoja yangu ni moja. Kwa zaidi ya nusu karne nchi yetu imeunda vyombo vya kuijenga, kuiendeleza na kuihifadhi miji, na kila chombo kilipewa jina lenye uzito. Fungu la fedha na ikama ya watumishi, hata hivyo, mara nyingi vilibaki mikononi mwa mwingine. Pale jina lilipotengana na fungu, mji ulilipa gharama.

2.0 Njia mbili za kuudogosha mji

Tuanze na swali la mzee. Neno kijiji limetokana na mji. Mashina ya silabi moja, yanapoingizwa katika ngeli ya udogo, huchukua ki- na ji- pamoja: mto huzaa kijito, mti huzaa kijiti, mtu huzaa kijitu, na mji huzaa kijiji. Kwa hiyo, kimofolojia, kijiji maana yake ni mji mdogo.

Sasa tuutazame msamiati wa sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, inatambua kijiji, na inatambua pia mji mdogo. Maneno mawili ambayo sarufi ingeyaweka katika kapu moja, sheria imeyaweka katika ngazi mbili. Kijiji kina Mkutano Mkuu wa watu wazima wote, kina Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na halmashauri hiyo ni chombo chenye nafsi ya kisheria: kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikabidhi halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi ya kijiji. Eneo linapotangazwa kuwa mji mdogo, halmashauri za vijiji huondoka, vitongoji hubaki, na wenyeviti wa vitongoji huingia katika baraza la mamlaka ya mji mdogo chini ya halmashauri ya wilaya.

Msikilizaji atadhani kwamba huko ni kupanda cheo. Kwa jina, ndivyo. Lakini bajeti ya mji mdogo hupitia wilayani, na watumishi wake hupangwa kutoka wilayani. Wakazi wanaacha chombo kidogo walichokishika wenyewe na kupokea chombo kikubwa kinachoshikwa na wengine.

Hapo ndipo neno mamlaka linapotuwekea mtego. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uliotupatia pia milki, mmiliki na malkia. Mwenye mamlaka, kwa maana ya asili, ni mwenye kumiliki. Mzizi huohuo ndio uliotupatia mamluki, yaani mtu anayemilikiwa. Lugha imeziweka pande zote mbili karibu: anayemiliki na anayemilikiwa. Swali la kuuliza juu ya kila mamlaka ya mji ni hili: iko upande gani?

3.0 Kidodi na Kilosa

Kidodi ni kata iliyo kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara. Nyuma yake iko milima ya Vidunda, na kusini unapita Mto Ruaha Mkuu. Mahali hapa hapakuwa mji kwa tamko la mtu yeyote. Palikua kwa sababu ya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilianzishwa kiwanda cha sukari cha Kilombero, na mashamba ya miwa yakaenea pande zote mbili za mto, Kilombero na Kilosa. Reli ya kutoka Kilosa kupitia Mikumi ilifikishwa Kidatu mwaka 1965. Mwaka 1975 mitambo ya umeme ya Kidatu ikaanza kazi. Kila mradi ulileta watu, na watu walileta vyumba vya kupanga, maduka, vilabu, misikiti na makanisa. Wavidunda waliteremka kutoka milimani wakakutana na wakata miwa waliotoka mikoa ya mbali, na Kiswahili kikawa lugha ya mchana na ya usiku.

Kilosa yenyewe ina historia ndefu zaidi. Ilikuwa kituo cha utawala wa Wajerumani, kisha mji wa reli ya kati na wa mashamba ya katani. Leo ni makao makuu ya wilaya, na wilaya imekuwa na mamlaka za miji midogo za Kilosa na Mikumi. Mkazi wa Kidodi anayetaka kuonana na ofisa wa mipango miji huelekea huko, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Ushuru wa miwa inayolimwa upande wa Kilosa nao huelekea huko huko, katika halmashauri ya wilaya. Jambo hilo si kosa la mtu. Ndivyo sheria ya fedha za serikali za mitaa, Na. 9 ya 1982, ilivyopanga. Lakini linaeleza kwa nini makazi yanaweza kuzalisha fedha kwa miaka sitini na bado yakakosa mtaro.

Gharama ya kukosa matunzo ilionekana Kilosa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulivunja kingo na tuta lililoukinga mji. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na reli ya kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo hudhani kwamba aliyeuona ufa ndiye mwenye udongo wa kuuziba. Katika mji mdogo anayeuona ufa ni mwenyekiti wa kitongoji, na udongo uko katika fungu ambalo yeye halishiki. Matengenezo ya tuta la mto hayawezi kugharimiwa kwa ushuru wa soko la nyanya.

4.0 Kuvunjwa na kurudishwa

Hali hii haikuanza jana. Mwaka 1972 Serikali ilitangaza mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu, kwani neno madaraka lilibeba harufu ya uhuru. Katika utekelezaji, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na muda mfupi baadaye halmashauri za miji nazo zikaondolewa. Kazi zake zilihamishiwa kwa watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Kwa maneno mengine, madaraka yalikwenda mikoani pamoja na watumishi wa Serikali Kuu, si pamoja na wananchi.

Miji ilidhoofika upesi. Mitaro iliziba, taka hazikuzolewa, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikaja sheria za serikali za mitaa tulizonazo hadi leo pamoja na marekebisho yake, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza upya. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mwaka huo wa 1984, alikiri kwamba kuzivunja kulikuwa kosa. Ni nadra kiongozi kukiri hivyo hadharani, na tunapaswa kulikumbuka jambo hilo kwa heshima.

Hata hivyo, kurudisha chombo si kurudisha uwezo wake. Watumishi wenye uzoefu walikuwa wametawanyika, na vyanzo vya mapato vilikuwa vimekauka. Tangu hapo historia ya fedha za miji yetu imekuwa ya kupewa na kunyang'anywa. Mwaka 1998 ilitolewa sera ya ugatuaji wa madaraka. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na wananchi wengi walishangilia kwa haki kabisa, kwani ilikusanywa kwa kukimbizana. Lakini pengo lake lilizibwa kwa ruzuku kutoka Serikali Kuu. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, na mkulima wa miwa hatalalamika akikatwa kidogo. Ninachosema ni kwamba kila mara mkono wa mji ulibaki mwepesi zaidi.

Neno ruzuku linatufaa hapa. Ni ndugu wa riziki. Katika imani za watu wetu riziki hutoka juu, nayo haina ratiba. Ndivyo ruzuku ilivyozoeleka katika ofisi za miji: hungojewa kama mvua. Linganisha na fungu. Sokoni Mikumi muuzaji hupanga nyanya mafungu mafungu, na mnunuzi hulihesabu fungu lake kwa macho kabla ya kulipa. Neno hilohilo lilipoingia katika bajeti lilipoteza sifa hiyo, kwani fungu lililoidhinishwa na fungu lililotolewa ni vitu viwili tofauti. Mkaguzi anavijua vyote viwili, lakini mkazi aliyesikia bajeti ikisomwa anajua kimoja tu.

5.0 Dodoma: mamlaka iliyokuwa na jina kubwa

Mtu anaweza kuuliza: je, tatizo si udogo wa miji midogo? Chombo kikubwa kingeweza zaidi? Dodoma inatupa jibu. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia huko makao makuu ya nchi, na kikaundwa chombo cha kuijenga, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kilichoongozwa na George Kahama. Mpango wa jumla wa mji mpya, uliotayarishwa na wataalamu wa Toronto, ulikamilika mwaka 1976. Kazi ilitarajiwa kuchukua miaka kumi.

Zingatieni neno ustawishaji. Stawi ni kitenzi cha mimea: mti hustawi wenyewe, nasi tunaustawisha kwa maji na samadi. Aliyetoa jina alijua alichokisema. Maji, hata hivyo, yalikatika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita na Idi Amin vikaja mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na hazina ikakauka. Miaka kumi ikageuka kuwa arobaini. Wizara ziliendelea kukaa Dar es Salaam. Bunge lilihamia Dodoma katikati ya miaka ya 1990, na agizo la Serikali nzima kuhamia lilitekelezwa kwa kasi kuanzia 2016.

Upungufu wa fedha uliambatana na mgongano wa vyombo. Dodoma ilikuwa na Manispaa, na palepale ilikuwa na Mamlaka. Mamlaka ilishika ardhi na kuikodisha kwa hati za miaka 33. Manispaa ilichaguliwa na wananchi na kuulizwa juu ya barabara na taka. Mwenye ardhi hakuchaguliwa, na aliyechaguliwa hakuwa na ardhi. Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja Mamlaka, na mali, kazi na watumishi wake wakahamishiwa Manispaa. Mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Somo lililobaki ni kwamba jina kubwa halikuziba pengo la fungu, na wala kuwa na vyombo viwili hakukuongeza uwezo.

6.0 Mji Mkongwe: mamlaka ya kuhifadhi

Tuvuke bahari, kwa sababu Unguja inatuonyesha upande wa ikama. Mwaka 1985 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Sheria yake ilitungwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti haziponi kwa saruji. Zinahitaji fundi ajuaye kuchoma chokaa, kuiloweka na kuisubiri. Fundi huyo hapatikani kwa tangazo la kazi la wiki mbili. Hupatikana kwa kukaa na fundi mzee miaka mingi. Mamlaka inayomwajiri kwa mradi wa mfadhili, kisha ikamwacha mradi unapokwisha, hupoteza fundi na hupoteza chokaa pia, kwa maana ujuzi ule huondoka naye.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi ikaporomoka wakati ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Sitadai kujua hesabu za kihandisi. Nasema tu kwamba ufa wa miaka mingi hauzibwi kwa fedha zinazofika siku ya mwisho.

7.0 Ikama na kaimu

Nirudi katika maneno. Ikama ya watumishi ni orodha ya nafasi ambazo ofisi inapaswa kuwa nazo. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kusimama, nao umetupa familia nzima: kukimu, makamu, kaimu, kima, hata kiyama, siku ya watu wote kusimama. Ikama ni kusimamisha ofisi. Kaimu ni anayesimama mahali pa mwingine. Na Mheshimiwa Makamu anisamehe: makamu, kwa asili, ni mahali pa kusimama.

Katika utaratibu mzuri kaimu ni neno la muda. Katika ofisi moja ya mji, ambayo sitaitaja, nilipewa barua tatu za miaka mitatu tofauti. Zote zilikuwa na sahihi ya mtu mmoja, na zote zilisema "Kaimu". Nilipomuuliza alicheka, akaniambia kwamba watoto wa mtaani wanadhani Kaimu ni jina lake. Lugha hujifunza kutokana na matumizi. Neno la muda likitumika kwa miaka huacha kuwa la muda, na jamii huacha kumtarajia mwenye nafasi.

Sababu za upungufu zinajulikana. Halmashauri ya wilaya haiajiri kwa uamuzi wake peke yake. Vibali hutoka juu. Mwaka 2016 ajira mpya zilisimamishwa kwa ajili ya uhakiki. Tarehe 28 Aprili 2017 ilitolewa ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa wa haki, na mlipakodi alistahili. Lakini nafasi iliyoachwa wazi haikujazwa siku iliyofuata. Mpima ardhi asipokuwapo, nyumba hujengwa kwanza na ramani hufuata. Ramani inapofuata, mtaro hupita katika chumba cha mtu, na kumwondoa mtu huyo hudai fidia ambayo haimo katika fungu lolote.

Hapo, mabibi na mabwana, ndipo maji ya mvua yalipoipatia njia sebule ya mzee wa Kidodi. Hayakuletwa na mvua peke yake. Yaliletwa na nafasi iliyo wazi katika orodha iliyobandikwa ukutani mahali pa mbali.

8.0 Hitimisho

Ningemjibu nini mzee yule leo? Ningemwambia kwamba kwa sarufi hakuna tofauti: kijiji ni mji mdogo, na mji mdogo ni kijiji. Ningemwambia pia asikimbilie jina. Siku wakija watu kusema kwamba mahali fulani papandishwe hadhi, wakazi waulize maswali matatu katika mkutano wao, wakiwa bado na Mkutano Mkuu wa kuulizia: Ni mapato gani yatakayobaki hapa, na kwa sheria ipi? Nafasi zipi za watumishi zimeidhinishwa, na ni ngapi zimejazwa kwa watu wasio makaimu? Na ardhi itakuwa mikononi mwa nani? Jina likija pamoja na majibu hayo, lipokelewe kwa ngoma. Likija peke yake, lingoje.

Kwa upande wetu wanataaluma, nina deni la kutaja. Tumesanifu istilahi za fizikia na za kompyuta, na tumefanya vizuri. Hatujachunguza vya kutosha Kiswahili cha mihtasari ya vikao, cha bajeti na cha mbao za matangazo za kata, ingawa hicho ndicho kinachoamua mtaro utapita wapi. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, nawaomba waende Kilosa, Mikumi na Kidodi, wakasome mafaili na wakae na watu wanaoyangoja majibu yake.

Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi. Tumeizoea methali hiyo kama onyo kwa mgeni anayekuja bila zawadi. Leo nimeomba tuisome kama kanuni ya utawala wa miji. Mamlaka isiyo na fungu wala ikama ni mkono mtupu, na wananchi wasioulamba hawana kosa.